Mnara Unaoshusha Wenye Midomo

1

Asubuhi ile familia ya Kihwelo ilipita dirishani kwa Kalunde ikielekea chini, huku ikiendelea kunywa chai.

Kalunde alikuwa amesimama na kikombe chake cha uji. Kwanza aliona sakafu yao ikiteremka mbele ya kioo, kisha miguu ya meza, kisha magoti ya watu, kisha nyuso. Mume alikuwa anatabasamu. Mke alikuwa anatabasamu zaidi. Wote wawili wakampungia mkono kwa adabu, kama watu wanaokwenda kutalii, na Kalunde naye akawapungia kwa adabu, kama mtu ambaye hakusikia kwamba jana jioni mume alimwita mkewe kichwa cha boga na mke akamjibu kwa sahani. Kisha likapita dari lao. Reli za ubavuni mwa mnara zikalia klak, klak, klak, mpaka sauti ikamezwa na ukungu.

"Mungu awalaze pema," alisema Nyamizi kutoka kitandani.

"Dada, hawajafa."

"Wanakwenda chini ya blanketi. Wamekosa sanda tu."

Blanketi ndilo jina watu wa mnara waliloupa ukungu ule. Ulipanda kutoka Bonde la Msimbazi miaka ile mvua zilipoacha kufuata kalenda, ukajichanganya na moshi na vumbi la majengo, ukajilaza juu ya Kariakoo na kukataa kuamka. Ghorofa za chini ziliishi ndani yake, taa zikiwaka mchana. Kuta za huko ziliota manyoya. Mwenye mapafu mazima akiishi huko alikohoa. Mwenye mapafu kama ya Nyamizi hakuishi. Daktari alilieleza jambo hilo kwa maneno marefu, Nyamizi akalifupisha: "Nikishuka, nimeshuka."

Alikuwa amegonga kokoto za mnara huu huu, kwa nyundo, bila kitambaa puani, kwa sababu msimamizi alisema vitambaa vinachelewesha kazi. Sasa yeye aliishi ndani ya mawe yake, na vumbi la mawe liliishi ndani yake. "Tumepangishana," alipenda kusema, kisha akicheka ilibidi ashikwe mgongo.

Kwa ajili ya mgongo huo Kalunde alikuwa amefunga mdomo. Na wanaomkumbuka Kalunde wa zamani, muuza vitenge aliyeweza kumtukana mteja mpaka mteja akaongeza pea ya pili, wanajua kwamba kuufunga mdomo ule ni sawa na kulifunga soko lenyewe.

"Ua la mnara wetu, umeamkaje?" Sauti ilipanda kutoka roshani ya chini yake. Ilikuwa ya Bwana Mhando, mwalimu mstaafu, mtu mwenye meno mengi kuliko maneno.

"Salama, jirani mwema."

"Nimesikia dada anakohoa usiku kucha. Nikasema moyoni, masikini, Kalunde hapati usingizi. Mtu asiyelala huwa mkali. Sasa naomba sana kwa Mungu usiwe mkali."

"Nami nakuombea, jirani. Nakuombea kila kitu unachoniombea."

Meno ya Mhando yalizidi kung'aa. Kalunde akishuka, yeye ndiye atakayepanda kujaza pengo. Jambo hilo walilijua wote wawili, na ndiyo sababu hawakuwahi kugombana.

Kabla Mhando hajatupa ndoano nyingine, kuta zilizungumza. Sauti iliitwa Staha. Kiswahili chake kilipigwa pasi mpaka kikakosa mikunjo.

"Ndugu wakaazi. Mkaazi wa ghorofa ya kumi na sita, Mzee Mwinshehe Pazi, amepumzika alfajiri hii. Maziko ni leo alasiri. Vilio vinaruhusiwa kwa kiasi."

Kalunde alifungua mdomo. Maneno yaliyofika ulimini yalikuwa: Mzaramo mshenzi wewe, umeondoka zamu ya kahawa ikiwa yako! Akayarudisha yalikotoka, akayasukumia na uji.

"Lia basi," alisema Nyamizi, taratibu. "Kwa kiasi."

2

Kabla ya mnara palikuwa na nyumba za Kiswahili zilizobanana, kila moja na korido yake katikati na vyumba huku na huku, na ukuta mmoja ukitumika na familia mbili. Nyumba ya Mihayo, baba yao Kalunde na Nyamizi, iliegemeana na nyumba ya ukoo wa Pazi. Mnyamwezi na Mzaramo, watani tangu enzi za misafara, wamepewa ukuta mmoja: hapo redio ilikuwa ya nini?

Kampuni ilipokuja kuunganisha viwanja na kujenga ghorofa, wenye nyumba walikubali haraka kubomolewa, ila hakuna aliyekubali kukaa chini. Shimo la msingi likakaa mpaka vyura wakajukuu. Kila ukoo ulikuwa na sababu yake ya kukaa juu, na kila sababu ilikuwa na wakili. Ndipo akatokea Injinia Lwitiko na wazo lake. Vyumba visifungwe kwenye zege, alisema. Kila makazi yawe sanduku linalokaa juu ya reli, na reli ziuzunguke uti wa mgongo wa jengo. Ndani ya lipu zipite nyuzi nyembamba zinazosikia sauti ya mtu, kishindo cha nyayo, mapigo ya moyo kupitia sakafuni. Jengo litajua nani mpole kwa jirani yake na nani mkali. Mpole apande, mkali ashuke. Pasiwe na wakili.

Wote walitia sahihi kwa furaha, kwa sababu hakuna binadamu anayejijua kuwa ana kisirani.

Na kweli, ugomvi ulikwisha. Hakuna aliyefokewa kwenye ngazi, hakuna mtoto aliyetukaniwa mama. Watu walichukiana kwa sauti ya chini, na kwa maneno mazuri mno.

Kalunde na Mzee Mwinshehe ndio walioumia zaidi, kwa maana wao walikuwa wanapendana kwa matusi na sasa wamenyimwa lugha. Wakikutana kwenye lifti walisema, "Hujambo, bibi," "Sijambo, mzee," kama watu walioachana. Lakini nyuzi za Staha ziliishia kwenye geti. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka la mabati, palikuwa na muuza kahawa. Kila jioni wawili wale walivuka, kila mmoja kwa wakati wake ili Mhando asiwaone, wakakaa.

"Mnyamwezi," angeanza mzee, "babu yako alikuja pwani na pembe za watu kichwani. Mpaka leo ukoo wenu hamjanyoosha shingo."

"Alizibeba akijua anakoenda. Babu yako alikuwa wapi? Ngomani! Mzaramo akisikia debe limeanguka, anauza shamba akacheze."

Walirudi wakiwa wameshiba.

Jioni moja mzee aliweka kikombe chini bila kumaliza, jambo ambalo kwake lilikuwa ugonjwa tosha. "Kalunde. Nikifa, uzuie mlango."

"Nitauzuia kwa tofali."

"Sikutanii. Uje unitukane mbele ya watu, kama baba yako alivyomtukana baba yangu. Mtu akitolewa ndani kimya kimya anatolewa kama takataka. Usiponitukana, nitajua kwamba haya yote yalikuwa kahawa tu."

Kalunde aliapa. Alikuwa na kicheko mdomoni alipoapa. Mtu akicheka huapa haraka.

Sasa dada wa marehemu, Bi Mwamtoro, alikuwa amesimama kwenye mlango wa Kalunde, khanga imefungwa kiunoni. Mwinshehe alikuwa mgane, na kwa miaka mingi ndugu hawa wawili waliishi pamoja kule juu. Mwamtoro hakuingia. Alisema kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi:

"Maiti inaoshwa. Mlango ni wako."

"Bi Mwamtoro, unajua hali ya dada yangu."

"Naijua. Nami nina kaka mmoja, hana mtani mwingine kwenye mnara huu. Ila Wasukuma wa ghorofa ya tano, nao wamesema wana mafua." Alitabasamu kwa ajili ya ukuta. "Usipokuja sitakununia, Kalunde. Nitakuamkia vizuri kila siku mpaka nife."

Lilikuwa tishio baya kuliko yote aliyowahi kutolewa.

3

Ofisi ya Injinia Lwitiko ilikuwa chini kabisa, ndani ya blanketi. Jengo lilimshusha mwenyewe mwaka wa kwanza, alipomfokea fundi bomba, na hakujipandisha. Alikuwa na taa tatu mezani na leso puani.

"Nataka ruhusa ya kutukana," alisema Kalunde. "Nusu saa. Hata robo."

"Umtukane nani?"

"Maiti."

Injinia alitoa leso. "Mzee Pazi. Pole sana. Lakini hapana, Bi Kalunde."

"Utani si tusi, Injinia."

"Mimi Mnyakyusa, mama, unadhani sina watani? Wameniibia viatu msibani mara ngapi!"

"Basi lifundishe jengo lako."

"Nililifundisha. Hukumbuki ile wiki? Nililiambia, wakitaniana usihesabu. Wiki haijaisha, mnara mzima wamekuwa watani. Mtu anamwita mwenzake mchawi, mwizi, malaya, akimaliza anasema, natania. Palikuwa na mama mmoja ghorofa ya pili. Jirani yake alimtania hivyo asubuhi na jioni, na jengo likanyamaza kwa sababu mimi nililiambia linyamaze. Yule mama alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni. Siku aliyohama alinishukuru, Bi Kalunde. Alinishukuru kwa adabu kabisa." Akarudisha leso. "Nikaufunga mlango huo. Ukinionyesha namna ya kuufungua kwa Mwinshehe tu, bila kumfungulia yule jirani, nitaufungua sasa hivi."

Haki ilikuwa upande wa Injinia. Hilo lilimkera Kalunde kuliko kama angekutana na mtu mbaya.

"Mbona mambo ya urithi mlituachia?"

"Kwa sababu mlikataa kutia sahihi. Wazee wenu walisema cha marehemu kitagawanywa kwa mila zao, na jengo lisiingize pua. Kitu chake, chumba chake, nafasi yake. Tukakubali. Aliyekufa ni wenu. Mdomo wa aliye hai ni wa jengo."

"Na nikienda kinyume, nashuka mpaka wapi?"

Injinia aliangalia ukuta wake wenye manyoya. "Kutukana maiti, mbele ya wafiwa, kwa sauti? Tutakuwa majirani."

4

Alimweleza Nyamizi kila kitu, akitazamia lile jambo ambalo wagonjwa husema hadithini: nenda, mdogo wangu, usinifikirie mimi.

Nyamizi alivuta pumzi, akaihifadhi, akaitumia kwa uangalifu. "Usiende."

"Niliapa."

"Uliapa kwa mdomo wako. Mapafu ni yangu. Kwenye hicho kiapo chenu cha kahawani mimi nilikuwepo?"

"Dada, yule mzee alitubebea baba siku ile ya maziko..."

"Nakumbuka. Alikuwa mtu mwema, na sasa amekufa, na mimi bado. Usinifanye shujaa, Kalu. Mimi napenda kupumua. Ni tabia niliyoianza utotoni."

Hawakugombana. Hakuna aliyepandisha sauti. Staha, kama angeulizwa, angesema dada wawili walikuwa na mazungumzo ya baridi na yenye staha. Kalunde alimpangusa Nyamizi uso, akamwekea maji karibu, akajitanda khanga nyeusi.

"Unakwenda kutoa mkono wa pole tu?" aliuliza Nyamizi.

"Nakwenda kutoa mkono wa pole."

"Unaona," alisema Nyamizi, akageukia ukutani. "Umeanza kusema kama Mhando."

5

Ghorofa ya kumi na sita ilikuwa na jua halisi, na jua lilifanya msiba uonekane kama kosa. Watu walikaa kwenye mikeka wakinong'ona. Vilio vilikuwa vya kiasi: mwanamke mmoja alilia, akatazama ukuta, akapunguza. Mhando alikuwa tayari ameshika nafasi karibu na jeneza, akiwapa watu pole kwa mikono miwili.

Wanaume wakanyanyua. "Lailaha illallah," walisema kwa sauti ya chini, jeneza likaja koridoni, na mwisho wa korido palikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na Kalunde.

Alikuwa amekuja kutoa mkono wa pole. Alijiambia hivyo hata pale. Ila aliliona jeneza linakuja kimya, watu wakilipisha kama wanavyopisha mtu mwenye ndoo ya maji machafu, naye akasikia magoti yake yanakaa chini kabla yeye hajaamua. Alikaa kizingitini, miguu akainyoosha mpaka fremu ya pili.

"Hapiti mtu."

Mwamtoro, nyuma ya wanaume, alifumba macho.

"Mwinshehe! Mzaramo usiye na haya! Leo ndiyo umewahi? Maisha yako yote umechelewa. Harusi yako mwenyewe ulichelewa mpaka mshenga akaanza kupigwa picha na bibi arusi! Leo kwa kuwa kuna kubebwa, umewahi wa kwanza!"

"Ndugu mkaazi Kalunde Mihayo," zilisema kuta. "Joto lako limepanda. Tafadhali vuta pumzi."

"Na umelala chali kama papa wa Feri aliyekosa mteja! Inuka! Nani atanuna kahawani? Nani atamaliza tende za watu huku anasema hana meno?"

Hakuna aliyecheka. Kucheka tusi nako kulihesabiwa. Lakini mmoja wa wabebaji, mtu wa miraba minne, alianza kutetemeka mabega, na jeneza likatetemeka naye, ikawa kama marehemu ndiye anayecheka.

"Dada Kalunde," alisema Mhando kwa huruma tele, "tuiheshimu maiti. Sisi sote tunakupenda."

"Ndugu mkaazi Kalunde Mihayo. Hili ni onyo la mwisho."

"Na ulikuwa muongo!" Sauti ya Kalunde ilipasuka, akaiacha ipasuke. "Ulisema utanizika wewe. Ulisema utakuja kunitukana mpaka Wanyamwezi wote waliokufa barabarani na mizigo yao waamke kusikiliza. Umeniachia nani, mzee mpumbavu? Umeniachia nani wa kunitukana?"

Hapo mwanamke mmoja aliyekaa dirishani akashika mdomo. Reli zilikuwa zimeanza kulia. Klak. Halafu tena, klak.

"Ni sanduku la Kalunde," alisema. "Ya Rabi, ni lao. Nyamizi yumo ndani."

Klak. Baada yake ukaja mlio mwingine, mwepesi, wa sanduku linalopanda. Mhando alisikiliza kama mtu anayesikiliza kaswida.

Kalunde aliinuka nusu. Kila mfupa wake ulitaka kukimbia kwenye lifti. Angefika, angeomba radhi kwa ukuta, angelia kwa kiasi. Jengo lilipenda majuto, lilikuwa likirudisha watu ghorofa moja mbili. Jeneza lingepita nyuma yake na mlango ungekuwa wazi.

"Mtani," alisema Mwamtoro.

Aliyasogeza mabega ya wanaume, akaja mbele. Maneno aliyoyasema hayakuwa yake, yalikuwa ya bibi yake na ya bibi wa bibi yake, na kila aliyekulia kwenye korido zile alikuwa ameyasikia.

"Mtani, tumekukosea nini? Unataka nini utupishe?"

Mtani akiulizwa hivyo hutaja kitu. Jogoo, sufuria, koti la marehemu. Hanyimwi, maana alichoshika mtani ni chake. Kalunde alikuwa amepanga kuomba bakora ya mzee. Iliegemea pale pale ukutani, inamtazama. Klak, zilisema reli. Akaitazama bakora. Akatazama nyuma ya Mwamtoro, kupitia mlango wa chumba, mahali kitanda cha Mwinshehe kilipokuwa kimetandikwa upya chini ya dirisha lenye jua.

"Nataka kitanda chake," alisema.

"Kitanda?"

"Kitanda, na mahali kilipo. Na dirisha lake. Na nafasi yake kwenye nyumba hii. Alale Nyamizi binti Mihayo, Mnyamwezi, mtani wa marehemu kwa baba na kwa babu. La sivyo simpishi, na jua linazama, na mtazika kesho."

Mhando aliacha kutabasamu. Watu wa karibu walishangaa kugundua kwamba midomo yake inakutana. "Hii si mila. Huu ni ujanja! Mtani huchukua kuku!"

"Mwalimu," alisema Mwamtoro kwa upole wa kutisha, "kwenu Handeni mnachukua kuku. Poleni." Akageukia ukuta. "Staha. Nafasi ya kaka yangu imechukuliwa. Andika Nyamizi binti Mihayo."

Jengo lilinyamaza. Halikuwa limewahi kunyamaza katikati ya mazungumzo.

"Nafasi ya marehemu hugawanywa kwa mila za wafiwa," lilisema mwishowe. "Nyamizi Mihayo si mke, si mtoto, si ndugu. Ni nani kwa marehemu?"

"Mtani."

"Je, mtani ni jamaa?"

"Zaidi," alisema Mwamtoro. "Jamaa unaweza kumnunia."

Yule mbebaji wa miraba minne alihamisha uzito begani, jasho linamtoka.

"Mila imepokelewa. Nyamizi Mihayo ni mkaazi wa ghorofa ya kumi na sita. Kalunde Mihayo anaendelea kushuka."

Vijana wawili wakaiwahi lifti kwenda kumpokea Nyamizi njiani, kabla ya blanketi. Kalunde alikunja miguu, akaupisha mlango. Jeneza lilipokuwa linapita usawa wa sikio lake aliligonga kwa vidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Haya, nenda. Na usikorome huko, wenzako wamechoka."

6

Nyamizi hakumshukuru. Wengi walitegemea angemshukuru, hata kwa ajili ya watu.

"Ulinitupa kwanza," alisema, akiwa amekaa juu ya kitanda cha mzee, jua limempiga usoni, anapumua vizuri kuliko alivyopumua mwaka mzima. "Ukiwa umenitupa, ndipo ukaona pa kunidakia. Na kama Mwamtoro angekataa?"

"Hakukataa."

"Sikuuliza hivyo, Kalu."

Kalunde alimsogezea mto mgongoni. Alisimama kidogo, mgeni wa mchana kwenye nyumba isiyo yake, maana jengo halikumruhusu kulala kule. Kisha akateremka kwa lifti, akaiona namba inapungua, akauona mwanga unageuka rangi ya maziwa yaliyochacha.

Sanduku lake lilikuwa limejipanga chini kabisa, ubavuni kwa Injinia Lwitiko, sakafu moja na familia ya Kihwelo. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeanza kuota. Usiku alikohoa, na Injinia upande wa pili akakohoa, wakawa kama watu wanaosalimiana. Kule juu, kwenye nafasi yake ya zamani, Bwana Mhando alikuwa ametundika mapazia mapya. Alimtumia salamu za upole kupitia kwa watoto.

Lakini kule chini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Hakuna tena pa kushushwa. Kalunde aliligundua siku ya pili, alipojikwaa kwenye kizingiti akatukana mlango, mlango wa pili, na fundi aliyeupima, na Staha akasema tu, "Joto lako limepanda," bila kuongeza neno. Mama Kihwelo, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ya sahani, alichungulia.

"Bi Kalunde," aliuliza kwa kunong'ona, "hivi na mimi naruhusiwa?"

Matanga yalipoondolewa, Bi Mwamtoro alitoka nje. Kule juu asingeweza kusema kitu. Siku ile mlangoni alikuwa na jibu kamili la yale matusi, lililoiva, la haki yake, kwani mtani asiyejibiwa ametukana hewa. Alilibana kwa meno. Angelitoa, sanduku lake lingeshuka, na sasa ndani yake palikuwa na kitanda cha mtu. Siku tatu alilitunza mdomoni kama mtoto anavyotunza pipi, huku akimwuliza Nyamizi kwa adabu kama angependa chai, na Nyamizi akimjibu kwa adabu kwamba chai yenyewe ni maji ya kuoshea vikombe ila anashukuru.

Alivuka geti. Alivuka barabara. Akapanda kibaraza cha duka la mabati, akamwondoa muuza kahawa kwa mkono mmoja, akageuka kuutazama mnara. Ukungu ulikuwa mzito; hakuliona dirisha la Kalunde. Alijua lilipo.

"We Mnyamwezi!" alipiga kelele, mpaka wapiga mabati wakasimamisha nyundo. "We mwenye shingo fupi! Babu yako alibeba mzigo kutoka Tabora akautua pwani. Wewe mzigo umeutua kitandani kwangu, unanywa chai yangu, unakosoa sukari yangu! Halafu umekimbilia chini kutafuta mwingine?"

Kutoka ndani ya blanketi kikaja kikohozi, na baada ya kikohozi, kicheko, na baada ya kicheko, dirisha likafunguliwa.

"Mwamtoro!" ilijibu sauti. "Nani amekuruhusu kutoka ngomani?"